Siku kumi Geita: kutafuta kiwango cha asili cha udongo

Nimeyaandika haya wiki moja baada ya kurudi Dodoma, nikitumia daftari la shambani na picha zaidi ya mia tatu zilizomo kwenye simu. Picha nyingi ni za mashimo. Kila shimo nililipiga likiwa na kibao cha namba pembeni, na sasa nikizipitia naweza kukumbuka nani alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza maswali.

Niseme kwanza tulifuata nini. Mtu akipima udongo wa bustani iliyo jirani na machimbo akakuta aseniki (elementi yenye sumu), swali la kwanza ni hili: nyingi kulinganisha na nini? Aseniki imo kwenye miamba ya dhahabu tangu dunia iumbwe. Risasi, nikeli na kromiamu nazo zimo. Kiasi ambacho udongo ungekuwa nacho bila mkono wa mtu ndicho tunakiita kiwango cha asili, na bila kukijua, tathmini yoyote ya hatari kwa afya ni kubahatisha. Marekani, kiwango chao cha kuanzia uchunguzi wa aseniki kwenye udongo wa makazi ni chini ya miligramu 1 kwa kilo. Udongo wa kawaida karibu popote duniani unazidi hapo wenyewe, bila mgodi wala kiwanda. Kwa hiyo ukichukua namba ya nje ukaiweka juu ya kijiji cha Geita, utakiambia kijiji kizima kuwa kimechafuliwa. Ukienda kinyume, ukasema "huku madini yapo tu", aliyemwaga uchafu wake mtoni atalala usingizi mzuri. Makosa yote mawili nimeyaona kwenye ripoti, na yote mawili yananiuma.

Siku ya 1, Jumatatu 11 Agosti 2025. Dodoma hadi Mwanza

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, nauli 45,000. Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Shinyanga: nililala, nikaamka, nikala mahindi ya kuchoma, nikalala tena. Tulifika Nyegezi giza limeshaingia. Mwenzangu wa kazi, binti wa Magu anayeongea Kisukuma kama alivyokinyonya, alikuwa ananisubiri na mdogo wake kwa ajili ya mizigo. Mizigo yenyewe ni auga mbili (vyuma vya kuzungusha vya kutobolea udongo), chekecheo cha milimita 2, mifuko, ndoo, na boksi la vibandiko.

Kwa atakayefuata: usipande basi na auga bila kuifunga gunia. Konda aliitazama mara mbili akadhani ni mtutu.

Siku ya 2, Jumanne. Daraja, na rangi ya bluu

Kutoka Mwanza tulishika njia ya Usagara hadi Kigongo. Safari zangu zote za nyuma hapa palikuwa pa kukaa: unapanga foleni ya kivuko, unanunua karanga, unanunua samaki wa kukaanga, unalijua jua lote la siku hiyo. Sasa kuna daraja la kilomita 3 juu ya ghuba, lililofunguliwa Juni 2025, na Hiace ililipita kabla sijamaliza kupiga picha. Abiria mmoja mama mtu mzima alishika kifua, akasema taratibu, "Tumevuka kweli?" Gari zima likamjibu tumevuka. Sengerema tukasimama kidogo, Geita tukafika saa saba mchana. Nauli 7,000 kila mmoja na 5,000 ya mzigo.

Chumba cha gesti 25,000, safi, maji ya ndoo. Tulipofungua mizigo ndipo nikaona tatizo. Auga mpya niliyoagizia ilikuwa imepakwa rangi ya bluu hadi kwenye meno. Rangi ina metali zake, na udongo ukisuguana nayo unabeba chembe. Ukipima baadaye utakuta zinki au risasi na utaiandika kwa jina la kijiji cha watu.

Tulienda gereji ya kuchomelea iliyo nyuma ya gesti. Fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitaka kuiondoa rangi kwa moto. Nikamwomba atumie msasa tu. Alikaa chini kwenye kigoda, auga katikati ya magoti, akasugua kwa saa nzima na robo, akibadilisha msasa mara nne, kisha akaimwagia mchanga na maji akaisugua tena mpaka chuma kikang'aa kama kijiko. Nilipotoa hela akauliza kifaa ni cha nini. Nikamweleza. Akasema mama yake ana shamba chini ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na hela hataki, ila tukipata majibu tupite tumwambie. Nimeandika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mambo mengine ya kuzingatia kabla hujagusa udongo: vua pete na bangili. Usipake losheni ya kukinga jua siku ya kazi, nyingi zina zinki na titani. Usivute sigara shimoni, moshi wake una kadimiamu. Epuka ndoo na majembe ya bati lililopakwa zinki. Ukitaka kifaa cha mkononi cha eksrei cha kupimia metali, anza mapema kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Sisi tuliamua kutokibeba, tukaiachia maabara kazi yote.

Siku ya 3, Jumatano. Kusubiri

Siku nzima ofisini kusubiri saini. Anayesaini alikuwa kikaoni, kisha akawa safarini, kisha akarudi saa tisa. Barua ya utambulisho kutoka kwenye taasisi yako haitoshi: utahitaji ya halmashauri, nayo uipeleke kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Toa nakala kumi. Usikate tamaa na usiruke hatua hata moja, kwa sababu eneo la dhahabu mgeni anayechimba shimo ana maana moja tu machoni pa watu.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, 7,000 kwa sahani, samaki akiwa mkubwa kuliko sahani.

Siku ya 4, Alhamisi. Kilima

Tulikodi bodaboda mbili kwa 30,000 kila moja kwa siku, mafuta ndani yake. Kijiji sitakitaja, maana majibu hayajatoka na sitaki jina la watu litangulie ushahidi.

Mpango ulikuwa nukta 60. Namba hiyo ina sababu. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba sampuli yako ya juu kabisa inafunika asilimia 95 ya udongo wote wa aina ile, bila kudhani chochote kuhusu mtawanyiko wa namba, unahitaji sampuli 59. Chini ya hapo unaanza kuegemea dhana. Tuliweka 60 ili moja ikiharibika tusivunjike moyo.

Kila nukta ni mraba wa mita 10: unachota pembe nne na katikati, kina cha sentimita 0 hadi 20, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki, unaondoa mizizi na kokoto, unabakiza kilo moja. Kwenye kila nukta ya kumi unarudia yote upya pembeni kidogo, uone mkono wako mwenyewe unatofautiana kiasi gani. Kibandiko kimoja ndani ya mfuko kwa penseli, kingine nje. Wino wa kalamu ukikutana na udongo wenye unyevu hufutika, penseli haifutiki.

Tulianzia mgongo wa kilima. Miamba ya pale ina mistari ya chuma, myekundu na myeusi kwa zamu, mingine laini kama kurasa. Udongo wake ni mwekundu wa kahawia, unashika vidole. Tukashuka. Mita kama mia nne chini, auga ilibadilisha sauti. Ilikuwa inakwaruza, ikaanza kunong'ona. Tukaivuta: mchanga mweupe wenye chembe za kung'aa, chembe za matale (graniti).

Mwenzangu akauchota kiganjani, akasema, "Hii luseni." Kijana wa bodaboda akaitikia, "Luseni hiyo, ya mihogo na karanga." Wakaanza kunipangia mteremko mzima kwa Kisukuma kama mtu anayesoma ngazi: juu luguru, kilima chenyewe, kisha luseni, chini zaidi isanga, kisha itogolo, ngumu, inayotuamisha maji, mwisho mbuga, nyeusi, inayopasuka kiangazi. Kila moja na zao lake. Geoffrey Milne alipokuwa akichora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki miaka ya 1930 na kuleta neno katena kwa mfuatano wa udongo mteremkoni, wakulima wa huku walikuwa na majina ya kila ngazi tayari.

Nilikaa chini ya mti nikafikiria upya. Nukta zetu 60 zilikuwa zimepangwa kwenye ramani kama kundi moja. Kumbe tulikuwa juu ya miamba miwili isiyo na undugu. Udongo uliotokana na mwamba wa dhahabu wenye chuma na salfaidi unaweza kubeba aseniki mara kadhaa ya ule wa matale ulio hatua mia chini yake, na udongo wa aina zote mbili ni asili tupu. Ukizichanganya unapata namba ya katikati ambayo si ya mahali popote: inamtisha bure anayeishi juu ya kilima, na inamficha mchafuzi aliye kwenye luseni.

Waingereza walipokokotoa viwango vyao vya kawaida vya udongo mwaka 2012 walikutana na jambo hilihili. Kwa aseniki hawakutoa namba moja ya nchi. Sehemu kubwa ya nchi walitoa miligramu 32 kwa kilo, maeneo ya mawe ya chuma 220, maeneo yenye madini 290. Nchi moja, majibu matatu.

Basi tukagawa daftari sehemu mbili, K ya kilima na L ya luseni. Siku hiyo tulipata nukta 11.

Siku ya 5, Ijumaa. Josho

Hii ndiyo siku ninayoisimulia kwa kila mtu.

Kwenye ramani kulikuwa na uwanja mzuri kabisa upande wa luseni: hakuna nyumba, mbali na barabara zaidi ya mita mia, hakuna shamba, hakuna dalili ya machimbo. Mahali pa aina hiyo ndipo unapotafuta. Barabara tunazikwepa kwa sababu mbili. Kifusi cha changarawe hutolewa vilimani kikamwagwa kwenye udongo wa aina nyingine, na vumbi lake hutembea. Pili, petroli yenye risasi ilikomeshwa kusini mwa Sahara mwaka 2006 tu, na risasi haiozi. Bado imelala kandokando ya barabara za zamani.

Tulikuwa tumeshachota pembe tatu pale uwanjani, nukta L9, mzee mmoja akaja na fimbo na ng'ombe sita. Mwenzangu akapiga goti kidogo, "Mwadila, baba." Akaitikia. Akatazama ndoo, akatazama auga, akauliza tunatafuta nini. Nikatoa barua. Hakuisoma. Mwenzangu akamweleza kwa Kisukuma kwamba tunataka udongo ambao watu hawajauchezea, udongo kama Mungu alivyouacha.

Mzee akacheka kwa upole. Akatembea hatua kama ishirini, akafukua majani kwa fimbo, akagonga. Ikalia saruji.

"Hapa ni josho," akasema. "La zamani, nikiwa mtoto. Ng'ombe walikuwa wanaogeshwa, wanatoka wakitiririka mpaka pale mlipochimba."

Nilihisi baridi mgongoni. Miongo ya kwanza ya majosho Afrika Mashariki, dawa ya kupe ilikuwa aseniki. Ng'ombe walipita kwenye mtaro wakiwa wamelowa dawa, wakasimama uwanjani kukaukia, na kila tone lilianguka palepale. Aseniki haina tabia ya kuondoka. Inashikana na chuma cha udongo na kubaki miongo mingi. Tungeichukua L9, tungeiita asili, na pengine ndiyo ingekuwa sampuli ya juu kabisa, ile inayobeba kikomo chote cha kundi la L, yaani mpaka wa juu wa kinachoitwa asili.

Tulimwaga udongo, tukaosha ndoo, tukakoroga auga kwenye mchanga safi. Mzee alikaa nasi saa mbili nyingine. Akatuonesha mahali palipokuwa kambi ya pamba, akatuonesha makaburi yasiyo na alama ili tusiyaguse, akatuonesha kichuguu kikubwa akasema tusichukue hapo kwa sababu mchwa huleta udongo wa chini sana. Ni kweli tupu, na watafuta dhahabu huchota vichuguu kwa sababu hiyohiyo. Tulipotaka kumpa chochote alikubali soda moja, akainywa nusu, nusu akampa mjukuu aliyemfuata.

Kwa atakayefuata: siku ya kwanza kijijini usichimbe. Tafuta mtu mzee kuliko wote anayeweza kutembea, tembea naye.

Nukta 13 siku hiyo, zote tukiwa na kibali cha mzee.

Siku ya 6, Jumamosi. Gulio

Asubuhi tulichota nukta 9 upande wa K, kisha dereva mmoja akatoboa tairi na tukasukuma pikipiki kilomita mbili hadi kwenye gulio. Fundi wa tairi 3,000. Mama mmoja anayeuza matobolwa alitukalisha kivulini kwake, akatupa kikombe cha maziwa mgando bila kuulizwa.

Meza ya jirani yake ilikuwa ya pemba. Vijiti vya udongo vilivyokandwa na kukaushwa, urefu wa kidole, rangi ya maziwa yenye vumbi na vingine vya kahawia, vimepangwa kama kuni ndogo. Kijiti 200. Dada mmoja mjamzito alichagua vitatu kwa kuvinusa. Alivunja ncha ya kimoja akaitia mdomoni hapohapo, nilisikia ikisagika.

Nimefanya hesabu za hatari ya udongo kwa miaka mingi. Kwenye hesabu hizo, kiasi kinachotumika sana kwa mtu mzima anayemeza udongo bila kukusudia, kupitia vumbi na mikono, ni miligramu 100 kwa siku. Kwa mtoto 200. Mama akila pemba gramu 20 kwa siku, hizo ni miligramu 20,000. Mara mia mbili ya mtu wa kwenye jedwali. Pemba nayo ni udongo wa asili, hakuna aliyeuchafua. Neno "asili" halimlindi yeye wala mtoto wake kama mwamba ulikotoka una aseniki au risasi ya kutosha. Kiwango cha asili kinakuambia nani wa kuulizwa. Hakikuambii kwamba pako salama.

Nilinunua vijiti vitatu, kutoka kwa wauzaji watatu. Nikamwuliza muuzaji udongo unatoka wapi, akanionesha kwa mkono upande wa kilimani. Nikaongea na yule dada pia, bila kumtisha: nikamwambia tunapeleka kupimwa, na kwamba kliniki akiwaeleza kuwa anakula pemba watamwangalia damu. Akasema, "Wananigombeza tu." Nikaandika na hilo.

Siku ya 7, Jumapili. Mapumziko na karatasi

Kanisani, kufua, kulala. Jioni mwenzangu aliniuliza kwa nini ninakataa wastani, wakati kila ripoti anayoisoma inachukua wastani na kuongeza mikengeuko sanifu miwili (mkengeuko sanifu ni kipimo cha namba zinavyotawanyika). Nikamwandikia namba tisa za mfano tu: 3, 4, 4, 5, 5, 6, 7, 8, na 60. Ile 60 ni josho letu.

Wastani ni 11.3. Mkengeuko sanifu ni 18.3. Ukijumlisha mara mbili yake, kikomo chako kinakuwa 48. Yaani sampuli moja iliyochafuliwa imekupandishia "asili" hadi 48, na jirani mwenye 40 utamwambia hana tatizo.

Sasa chukua namba ya katikati: 5. Tazama kila sampuli iko mbali kiasi gani na 5, zipange hizo tofauti, chukua ya katikati: 1. Izidishe kwa 1.48, ongeza mara mbili yake juu ya 5. Kikomo ni 8. Josho limebaki peke yake nje, linaonekana na kila mtu.

Alikaa kimya, akazirudia mwenyewe kwa simu, kisha akasema, "Kwa hiyo njia ya kwanza inampa mchafuzi kura." Sijawahi kuisikia ikisemwa vizuri hivyo.

Jambo jingine la hesabu ambalo watu hulikosea: maabara ikikuandikia "chini ya kiwango cha kuona", usiweke sifuri, na usiweke nusu ya kiwango hicho kwa mazoea. Zikiwa nyingi zinapotosha kikomo chote. Zipo njia za takwimu za kushughulika nazo kama zilivyo. Na uliza maabara inayeyusha udongo kwa asidi gani. Mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki hautoi kromiamu yote iliyofungwa ndani ya madini magumu. Asidi nne, ya hidrofloriki ikiwemo, hutoa zaidi. Ukilinganisha eneo lililopimwa kwa njia moja na asili iliyopimwa kwa nyingine, tofauti utakayoiona ni ya chupa za maabara.

Siku ya 8, Jumatatu 18 Agosti. Mama wa chini ya karasha

Nukta 17, siku yetu bora. Kuelekea jioni tulipita bondeni ambako kuna mwalo wa kuchenjulia dhahabu: karasha zinasaga mawe, maji ya kijivu yanapita juu ya mazulia ya kukamatia dhahabu, vilima vya marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) vimeachwa wazi kwa upepo. Zebaki inatumika pale. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, lakini kijana mwenye chupa ndogo mfukoni hajapata njia nyingine ya bei yake. Sikuja kumhukumu. Zebaki angalau haitusumbui sana kuitambua. Ikionekana nyingi kwenye udongo wa huku, mkono wa mtu upo. Aseniki ndiyo yenye sura mbili: mwamba unayo, na mchimbaji anauvunja mwamba uleule na kuumwaga unga wake kwa jirani.

Mama mmoja alitoka kwenye nyumba iliyo mita sitini chini ya marudio. Ana mchicha, ana matembele, ana kisima cha kuchimba kwa mkono. "Mbona kwangu hamchukui?"

Nikamwambia ukweli: hapa si pa kutafutia asili, mama, maana unga wa karasha umeshafika. Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza. Kwa wale wasio na shida mnapima. Mimi mwenye karasha mlangoni mnapita."

Sikuwa na jibu la kitaalamu linalofaa kusemwa mbele ya mchicha wake. Tulichota bustani yake, pembe nne na katikati, sentimita 0 hadi 20, kwa uangalifu uleule, kisha tukashuka na auga hadi sentimita 80 hapohapo. Udongo wa chini ambao vumbi halijaufikia ukiwekwa karibu na wa juu hutoa fununu nzuri ya kipi kiliingia baadaye. Juu ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa sembe. Kuanzia sentimita 30 ukawa mwekundu. Mpaka ulionekana kwa macho, umekatwa kama keki. Alichuchumaa akautazama muda mrefu, akaugusa kwa kidole ule mstari.

Tuliandika M1 na M2. Hazimo kwenye zile 60.

Siku ya 9, Jumanne. Kumalizia

Nukta 10 za mwisho, zote L. Jumla: K 34, L 26. Haifiki 59 upande wowote, na sitaandika kana kwamba imefika. Kwa K tutaweza kusema jambo la kueleweka tukiangalia kwanza mtawanyiko wa namba. Kwa L tutahitaji kurudi, ikiwezekana kabla ya mvua za Novemba, maana mbuga zikilowa pikipiki haipiti. Ufini sheria yao ya 2007 inasema mahali ambapo asili imezidi kizingiti cha kitaifa, asili yenyewe ndiyo inashika nafasi ya kizingiti. Naipenda kanuni hiyo. Lakini inamtegemea mtu aliyehesabu asili hiyo kwa uaminifu, na aliyechota sampuli za kutosha.

Tulimpitia fundi wa gereji kumwambia majibu bado. Akasema anajua, maabara si mashine ya kusaga.

Siku ya 10, Jumatano. Kurudi

Mizigo kilo 84. Nauli ya mzigo Mwanza hadi Dodoma 35,000 baada ya kubembelezana. Panga mifuko kwenye ndoo zenye vifuniko. Gunia hupasuka kwenye matuta.

Wiki hii udongo umeanikwa kwenye karatasi chumba cha nyuma, mbali na jua kali kwa sababu ya zebaki, tukauchekecha, tukagawa. Pakiti 71: sampuli 60, marudio sita ya kupima mkono wetu, M1, M2, na vijiti vitatu vya pemba vilivyosagwa. Bajeti ilitosha 66. Tano za mwisho nimezilipia mwenyewe.

Jana mama wa chini ya karasha alipiga simu. Hakusalimia sana. "Mwanangu, udongo wangu umefika?"

Nikamwambia umefika, namba yake M1 na M2, uko maabara tangu asubuhi.